Kadi ya uchaguzi ikifutika, mama anabaki na karatasi gani?

Mbele ya kuendelea kusoma, kila mmoja achukue kadi yake ya uchaguzi, ile ya mwaka wa 2023, aitazame kwenye mwanga. Sura yako ingali inaonekana? Jina unalisoma kweli, ao unalisoma kwa sababu unalijua? Na ile nambari? Kwenye mikutano yetu ya akiba tumeanza kuzitoa na kuzilinganisha, na tumeona za kila namna. Zingine zingali nzuri. Zingine foto imebaki kivuli tu. Zingine zimekuwa nyeupe kabisa, hata mwenyewe anaitambua yake kwa kona iliyokunjika. Mama mmoja alisema ya kwake inafanana na daftari ambalo mtoto amefuta zoezi lote. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, maana kila mmoja alianza kufikiri: siku nikiombwa kitambulisho, nitaonyesha nini?

Maswali yaliyotufikia toka siku hiyo ni mengi, na sehemu kubwa yanarudia jambo moja: kadi iliyofutika ingali na nguvu, ao imekwisha?

Kwanza tukumbuke namna gani tulifika hapa, kwa sababu vijana wengi wanadhani kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha taifa tangu zamani. Sivyo. Hesabu ya mwisho ya watu wote katika nchi yetu ilifanyika mwaka wa 1984, wakati wa Zaire. Wazee wetu walikuwa na kitambulisho cha raia cha wakati ule, na wengine wangali wanakihifadhi katika sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Nyuma yake zilikuja vita, serikali zikabadilika, na hakuna kitambulisho kipya cha taifa kilichofika mikononi mwa watu wote. Wakati wa kutengeneza uchaguzi wa kwanza nyuma ya vita, sheria ya tarehe 24 Desemba 2004 ilipanga namna ya kuandikisha wachaguzi, na mwaka wa 2005 watu wapatao milioni 25 waliandikishwa. Hapa Ituri, mwaka huo, kwa watu wengi kadi hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza maishani yenye sura yao. Ikapewa kazi ya pili: kushika fasi ya kitambulisho kwa muda.

Huo muda umepita miaka 20. Kadi zilitolewa tena mwaka wa 2011, tena kwa uchaguzi wa 2018, tena mwaka wa 2023. Kila mara mpya inachukua fasi ya ile ya zamani. Kwetu Ituri kazi ya kuandikisha ilianza tarehe 16 Februari 2023, pamoja na Kivu mbili, Maniema, Tshopo na Uele mbili. Tulipanga mistari tangu asubuhi, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na kadi ilichapwa palepale kituoni. Miezi michache tu nyuma yake, mbele hata ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, malalamiko yalisikika katika nchi nzima: wino unatoka. CENI wenyewe walilazimika kuanza kutoa duplikata kwa wenye kadi zilizopotea na zile zisizosomeka.

Kwa hiyo tuseme wazi, kwa sababu kuna wamama wanaona haya kuonyesha kadi yao kana kwamba waliifua na nguo: kufutika kwa wino si kosa la mwenye kadi. Kadi ya 2005 ya mama mkwe ingali inasomeka, na ile ya 2023 imekuwa nyeupe. Zote mbili zilikaa katika nyumba moja, chini ya godoro moja.

Sasa tujibu swali. Lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna kuandikishwa, na kuna kadi. Kuandikishwa kwako kumebaki katika fishie ya CENI: jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za vidole, foto, nambari. Wino ukitoka kwenye kadi, hautoki kule. Hakuna mtu aliyeondolewa kwenye orodha ya wachaguzi kwa sababu kadi yake imekuwa nyeupe. Lakini kadi yenyewe ina kazi moja tu: kumsaidia mtu asiyekujua alinganishe sura yako na jina lako. Kama sura haionekani na jina halisomeki, kazi hiyo haifanyiki tena, hata kama kadi ni ya kweli. Haki yako ni nzima, chombo cha kuionyesha ndicho kimeharibika.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu linabadilisha namna ya kusema mbele ya mtu wa ofisi. Mama akisema «sina kitambulisho», anajiweka mwenyewe katika kundi la wasio na karatasi. Akisema «niliandikishwa 2023 kwenye kituo fulani, nambari yangu ni hii, kadi imefutika, na hapa kuna kopi ya wakati ilipokuwa inasomeka», mazungumzo ni mengine kabisa. Na hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu ile kopi hawana.

Tutazame pahali ambapo kadi inaombwa, ndipo tuone uzito wake kwa mwanamke. Kuandikisha laini ya telefone. Kufungua Airtel Money ao M-Pesa, na kurudisha laini ikiwa telefone imeibiwa na akiba ingali ndani. Kupokea pesa ambazo mtoto ametuma toka Kampala ao Kinshasa. Kufungua konti ya kikundi, maana AVEC zetu zikikua zinataka kuweka pesa benki ao koperative, na pale wanaomba vitambulisho vya rais, mwandishi na mtunza sanduku. Kupita bariere kwenye njia ya Komanda, ya Mahagi, ya Kasenyi. Kuchukua jina lako kwenye orodha ya msaada. Kusimama mbele ya tribinali juu ya kiwanja ambacho marehemu bwana alikiacha. Hata permis ya kuendesha moto, ambayo vijana wetu wengi wanaitafuta, inaanza na kuonyesha wewe ni nani.

Mama muuza samaki anayetoka Kasenyi anapita mbele ya watu wengi wenye haki ya kumwomba kitambulisho kuliko mwalimu anayekaa darasani. Kadi yake ikiwa nyeupe, kila bariere inakuwa bei. Na bei hiyo haiandikwi popote. Tumeambiwa mara nyingi: «Mama, hii si kadi, ni plastiki tu, toa kitu.» Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na tunaelewa kwamba askari ana haja ya kujua nani anapita. Lakini kujua nani anapita ni kazi moja, na kukamua muuza samaki ni kazi ingine.

Kisheria kuna jambo la kututia moyo. Mwaka wa 2016, tarehe 15 Julai, Kodi ya familia ilibadilishwa. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana ili kufanya tendo la kisheria, kama kupatana mkopo ao kusimama tribinali juu ya mali. Ruhusa hiyo iliondolewa. Lakini ruhusa ikiondolewa na kitambulisho hakisomeki, mama anarudishwa tena kwenye kitambulisho cha bwana. Tunaijua hali hii: laini ya telefone ya mama imeandikishwa kwa jina la bwana, konti pia, hata moto iliyonunuliwa na pesa ya mihogo. Bwana akiwa mzuri, ni sawa. Akifa ao akiondoka, ndugu zake wanakuja na karatasi, na mama anakuja na maneno.

Basi, nini cha kufanya? Tuanze na leo jioni, maana kuna kazi isiyoomba ofisi. Kama kadi yako ingali inasomeka hata nusu, ipige foto mbele na nyuma, mchana, nje, bila kivuli. Tuma foto hiyo kwa mtu mmoja unayemwamini, ili telefone ikipotea foto ibaki. Kisha andika nambari ya kadi na jina la kituo pale ulipoandikishwa kwenye jalada la ndani la daftari ya akiba. Nambari ni mbegu. Ukiwa nayo, mtu wa CENI anaweza kukutafuta bila kufungua fishie ya jimbo lote.

Nyuma ya hapo, piga fotokopi mbili tatu, na moja uipeleke komini, Mbunya, Nyakasanza ao Shari kufuatana na pahali unakaa, wakaihakikishe kwamba ni sawa na kadi yenyewe. Ile sahihi na muhuri ndiyo tofauti kati ya karatasi na kopi yenye nguvu. Lakini afisa anaweka muhuri kwa sababu ameona kadi kwa macho. Ukingoja mpaka kadi iwe nyeupe, hana tena kitu cha kuhakikisha. Ndiyo sababu tunasema leo, si mwezi ujao.

Kama imekwisha kuwa nyeupe, njia ni ya duplikata, kwa ofisi ya CENI. Uende na kadi ileile, usiitupe hata kidogo. Kadi nyeupe ingali shahidi. Uende pia na kadi zako za zamani kama unazo, ya 2005, ya 2011, ya 2017. Hazina tena kazi ya kuchagua, lakini zina jina lako, jina la wazazi na sura yako ya ujana, na zinaonyesha kwamba hukuzaliwa jana. Kama kadi imepotea kabisa ao imeungua, tafuta kwanza atestasioni ya kupoteza vitambulisho. Inakusaidia kwa siku za katikati, na inaandika tarehe: kama mtu mwingine anatumia kadi yako nyuma ya siku ile, wewe umekwisha kusema. Penye kulipa, uliza bei mbele ya kutoa pesa, na uombe karatasi ya malipo. Mahali hakuna karatasi ya malipo, mama aende na mwenzake. Tumeona kwamba wamama wawili wanaambiwa bei ndogo kuliko mama mmoja, sijui ni muujiza gani.

Tuseme neno pia juu ya wale vijana wa pembeni ya njia wenye mashine, wanaosema watakutengenezea kadi yako «sawa mpya». Kijana anaweza kuandika jina lako upya vizuri kuliko CENI. Lakini siku hiyo kadi iliyokuwa ya kweli na iliyofutika inakuwa kadi ya kughushi iliyo safi. Mwenye kadi nyeupe anaonewa huruma ao anaombwa pesa. Mwenye kadi ya kughushi anafungwa. Hata kupitisha wino wa biki juu ya herufi zilizofifia, kama wengine wanavyofanya usiku na taa, ni hatari ileile. Acheni.

Na kuitia tena plastiki ya moto? Hapa tulibishana sana. Wengine wanasema inalinda. Sisi tunaona kadi ilitoka kituoni ikiwa tayari ndani ya plastiki, na kuipitisha tena kwenye mashine ya moto ni kuupikia wino ambao umekwisha kuonyesha kwamba ni dhaifu. Bahasha ndogo ya karatasi inatosha, mahali pakavu, mbali na dirisha. Kifuani, ndani ya kikwembe, jasho na joto vinafanya kazi yao kila siku. Tunajua kwamba hapo ndipo mwizi hafiki, lakini beba kopi yenye muhuri kifuani na kadi yenyewe ibaki nyumba siku ambazo huendi ofisini. Na zile bahasha za plastiki laini, ukiona zinaanza kushikamana na kadi, usizivute kwa nguvu: wino unaondoka na bahasha.

Tunakuja sasa kwa jambo ambalo sisi waalimu tunaliona kila mwaka, wakati wa kuandikisha watoto kwa mitihani: majina. Mama anaitwa Lotsove kwenye kadi, Lotsobe kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na Mama Furaha kwenye daftari ya kituo cha afya. Mtu ni mmoja, karatasi ni za watu watatu. Wakati kadi inasomeka, afisa anaweza kufunga jicho. Kadi ikifutika, anashika karatasi zingine na kuona hazipatani. Kwa hiyo, mbele ya kwenda kuomba duplikata, panga karatasi zako zote mezani na usome herufi moja moja, na mtoto wa sekondari akusaidie. Tafuta kwanza ile iliyo sawa na ya zamani zaidi, ndiyo utaifanya kuwa mama wa zingine. Jina la mkwe halikufanyi wewe uwe mtu mwingine. Kwa sheria yetu mwanamke anaolewa na jina lake.

Wenye shida kubwa zaidi ni wawili. Wa kwanza ni wamama waliokimbia Djugu, Irumu na Mambasa, wanaokaa Kigonze na kwenye makambi mengine ao kwa jamaa. Nyumba iliungua na kadi, na vyeti, na daftari ya chanjo. Kwao tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja: muwasaidie kupata mashahidi. Ile sheria ya 2004 ya kuandikisha wachaguzi ilikubali kwamba mtu anaweza kujulikana kwa cheti cha kuzaliwa, paspoti, permis ya kuendesha gari, kadi ya kazi ao ya mwanafunzi, na asiye na kitu chochote akasaidiwa na ushuhuda wa watu walioandikishwa. Chifu wa kijiji, jirani wa zamani, mchungaji ao padri, mwalimu aliyefundisha watoto wake: watu hawa wametawanyika katika makambi, na kila mwaka wanazidi kutawanyika. Waandike majina yao na nambari za telefone zao sasa. Mama anayejua wapi mashahidi wake wanakaa ana nusu ya kitambulisho.

Wa pili ni watoto wetu waliozaliwa mwaka wa 2006 na kuendelea. Siku ya uchaguzi wa 2023 hawakuwa wamefika miaka 18, basi hawana kadi, hata iliyofutika. Wengine sasa ni wanawake wenye watoto, wengine wamemaliza masomo na wanatafuta kazi, na kijana wa kiume asiye na kitambulisho kwenye bariere usiku ni jambo la kuogopesha kuliko kadi nyeupe ya mama yake. Uchaguzi ujao unangojewa mwaka wa 2028. Hatuwezi kuwaambia wangoje.

Kitambulisho cha taifa kilianza kusemwa tena: tarehe 30 Juni 2023 Rais Tshisekedi alipokea cha kwanza, na ONIP ndiyo iliyopewa kazi. Lakini mwaka wa 2024 serikali ilivunja mkataba wa kuvitengeneza. Wenzetu ng'ambo ya ziwa Albert, Uganda, walianza kupokea vitambulisho vya taifa mwaka wa 2014, vyenye muda wa miaka 10 ulioandikwa juu yake. Mtu anajua siku kitaisha. Kwetu kadi haina siku ya mwisho, inaisha wakati wino unapoamua.

Kwa vijana hao, njia iliyo wazi ni cheti cha kuzaliwa, maana juu yake unaweza kujenga zingine zote: cheti cha uraia, paspoti, na kesho kitambulisho cha taifa kikifika. Sheria ya kulinda mtoto ni ya tarehe 10 Januari 2009, na Kodi ya familia tangu 2016 inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto mchanga komini, bila kulipa. Tafadhali, wenye tumbo kubwa wahesabu siku hizo kama wanavyohesabu siku za chanjo. Siku 90 zikipita, lazima kupitia tribinali kwa «jugement supplétif», ndipo eta sivili iandike cheti. Ni safari ndefu na ina gharama. Lakini kikundi cha wamama kumi kikipeleka watoto wote pamoja, na mashahidi pamoja, kinapoteza siku chache kuliko kila mama akienda peke yake. Na kumbukeni kadi ya mwanafunzi: ni karatasi ndogo, wazazi wengi hawaijali, lakini ina foto, jina, tarehe ya kuzaliwa na muhuri wa shule. Ombeni wakubwa wa shule waitoe, na waandike jina sawa na lile la cheti.

Kwenye mkutano ujao tutatenga saa moja kwa karatasi, mbele ya kuhesabu akiba. Kila mama aje na kadi yake hata kama ni nyeupe, kadi za zamani, na karatasi yoyote ya watoto. Wenye telefone nzuri watapiga foto za wasio nayo. Mwandishi wa kila kikundi afungue ukurasa katika daftari kwa nambari za kadi, na daftari hiyo isilale kwake pamoja na sanduku la pesa. Ilale kwa mama mwingine, katika kartie ingine.